Mdomo Utanyooka Jumatatu

Jumatatu, 9 Juni

Mkuu wa shule katutaja mstarini. Mimi na Kimya. Alisema Ijumaa na Jumamosi tutaiwakilisha shule kwenye maonyesho ya sayansi ya mkoa, na kwamba mashine yetu itatotoa vifaranga vya kuku mbele ya majaji, watu wakiona kwa macho yao. Makofi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nimekuwa nikifanya mazoezi ya kuinamisha kichwa tangu jana.

Tatizo dogo: mashine haina mayai.

Yalikuwemo. Mashine yenyewe ni boksi la televisheni lililozibwa kwa sponji, balbu moja, kipimajoto na kisahani cha maji. Kimya ndiye aliyeitengeneza. Mimi ndiye niliyeipa jina: Mama Umeme. Kimya ni mwenzangu wa dawati moja, na anaitwa hivyo kwa sababu husema maneno machache kwa siku, mengi yakiwa "hapana" akinijibu mimi. Wiki iliyopita niliona mayai yanajivuta. Nikaitoa balbu ndogo, nikaweka ile kubwa ya taa ya uani, ili vifaranga wawahi. Jumamosi Kimya alifungua boksi, akanusa, akanitazama. Nilimenya yai moja kuhakikisha. Lilikuwa limeiva vizuri. Lilihitaji chumvi tu.

Kimya anataka twende kwa mwalimu wa biolojia tukaseme ukweli. Nimemwambia ukweli una wakati wake, na wakati wake si wiki hii. Washindi watatu wa kwanza wanapelekea shule zao hadubini. Shule yetu inayo moja, kioo kimepasuka, na kila unachokitazama kinaonekana kama kitunguu. Tumesoma damu kama kitunguu. Tumesoma mbu kama kitunguu. Taifa zima la wanafunzi linatutegemea. Halafu Ijumaa kuna jaribio la hesabu.

Na Binamu atakuwepo. Binti wa shangazi yangu, anasoma shule ile nyingine, tulizaliwa mwezi mmoja. Nasikia siku aliyoanza kutembea, mimi nilikuwa nimeketi namtazama. Imekuwa hivyo tangu hapo.

Yai la leo haliwezi kuwa kifaranga Ijumaa. Yanatakiwa mayai yaliyokwisha kulaliwa. Nayajua yalipo.

Jumanne, 10 Juni

Shangazi ni fundi cherehani, na nyuma ya chumba chake cha kushonea anafuga. Juzi alimwambia baba, nami nikisikia, kuwa kuku wake mwekundu ataangua mwisho wa wiki hii. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikaenda kuinama.

Kimya alisema tumwombe. Nikamweleza kwamba ukiomba unaweza kunyimwa, lakini usipoomba hakuna awezaye kukunyima. Alibaki barabarani akikataa kuwa shahidi.

Nilipeleka sketi yangu ipunguzwe. Shangazi alipoinama kutafuta chaki, nikasema naenda msalani, nikapita moja kwa moja hadi bandani. Kuku mwekundu hakuwa na moyo wa kisayansi. Kanidonoa mpaka kiwiko. Nilitoa mayai sita, nikamwekea sita niliyonunua dukani, asije akajisikia mpweke.

Mayai yake ni makubwa! Meupe, yana ukijani kwa mbali. Shangazi analisha vizuri.

Niliyafunga tumboni kwa mtandio, chini ya blauzi. Niliporudi shangazi alinitazama akasema nimenenepa. Nikasema ni chakula cha shule. Tangu shule zianzishwe hakuna aliyewahi kunenepa kwa chakula cha shule. Shangazi akapima kiuno upya, akasema basi hatapunguza sketi, ataiongeza.

Mlangoni nikakutana na Binamu anatoka shule, mikono kaitanua, anataka kunikumbatia. Nikasema nina mafua. Akauliza mbona nashika tumbo.

Jumatano, 11 Juni

Umeme umekatika asubuhi. Mama Umeme akapoa kama jiwe la mtoni.

Kimya akataka tuchemshe maji, tuyatie kwenye chupa, chupa tuziweke ndani ya boksi. Wazo zuri lakini la watu wenye subira. Mimi nikayagawa mayai kwa binadamu wenye joto. Moja kwa mpishi wa shule, aliyelitia kifuani akaendelea kukoroga sufuria bila hata kuuliza ni la nini. Moja kwa golikipa wa darasa letu. Manne nikakaa nayo mimi, nimekunja mikono kama mtu mwenye hasira.

Kipindi cha jiografia mwalimu akamwita golikipa ubaoni achore mto. Alichora kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umebana kwapa. Mwalimu akamwamuru asimame vizuri. Akasimama vizuri. Yai likachomoka. Akalidaka karibu na sakafu, darasa likalipuka kwa shangwe. Mwalimu akauliza ni kitu gani. Golikipa akasema ni kifungua kinywa. Mwalimu akasema basi akile tuendelee.

Ilibidi nisimame. Nikasema daktari amemkataza mayai. Mwalimu akauliza kwa nini basi anatembea nalo. Nikasema ni kuizoeza nafsi. Tulitolewa nje wote wawili. Nje kulikuwa na jua kali, yai likapata joto safi kabisa. Kila jambo lina heri yake.

Mchana umeme ukarudi, mayai yakarudi yote sita, la mpishi likinukia vitunguu. Kimya akayamulika kwa tochi, moja baada ya jingine. Ndani kuna kitu kinachezacheza! Na moyo wangu ukacheza. Kimya aligeuza yai moja kiganjani, akaligeuza tena, akafungua kinywa, akakifunga. Nilimwambia asiniharibie furaha. Hakuniharibia.

Alhamisi, 12 Juni

Tumeletwa ukumbini kupanga meza. Ukumbi mkubwa, viti vya plastiki, sauti za nyundo kila upande. Kuna mkono wa chuma unaookota kalamu na kuidondosha. Kuna ramani ya ubongo iliyotengenezwa kwa unga. Na kuna Binamu.

Amepangwa meza ya jirani yetu, mlangoni kabisa, wageni wote wakiingia wanamwona. Ameleta chujio la maji: ndoo za mchanga, mkaa na kokoto, na beseni kubwa ambamo maji yanatua yakiwa meupe kama kioo. Alikuja akachungulia ndani ya boksi letu. Akatabasamu. Akaniuliza kama mafua yamepona. Akaondoka bila kusema neno lingine. Simwamini mtu anayetabasamu bila kusema neno.

Alipokwenda kuteka maji, nikabadilisha vibao vya namba. Sasa meza yake iko nyuma kabisa, karibu na stoo ya mafagio. Kimya alinitazama mpaka nikahisi baridi.

Jioni msimamizi wa ukumbi ametangaza kuwa mlango wa mbele una kitasa kibovu. Kesho wageni wataingilia mlango wa nyuma. Pale kwenye mafagio.

Ijumaa, 13 Juni

Majaji walianza na Binamu. Walikuwa bado wana nguvu, wanacheka, wanauliza maswali. Sisi tulikuwa wa mwisho kabisa; walipotufikia walikuwa wanapepesa macho.

Jaji Mkuu ni mama mrefu, daktari wa mifugo mstaafu, miwani puani, viatu vya njano. Hacheki. Wakati huohuo yai la kwanza likapasuka! Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Ufa mdogo, halafu kitundu, halafu sauti nyembamba kutoka ndani kama mtu anabisha hodi. Watu wakajaa. Mkuu wa shule akaja akasimama nyuma yetu, amevaa tai. Nikatoa hotuba juu ya kuku. Nilieleza kuku ni nani, ametoka wapi, ana umuhimu gani kwa mwanadamu. Nilikuwa nimefika kwenye manyoya yake alipotoka nje ya ganda kifaranga mwenye mdomo bapa.

Bapa kama kijiko. Na vidole vyake vimeungana kwa ngozi.

Nikasema kuwa kutokana na joto la mashine, mdomo hupanuka kidogo mwanzoni. Jaji Mkuu akashusha miwani.

"Na huu mdomo, binti yangu, utanyooka lini?"

"Jumatatu," nikasema.

Aliandika kwa muda mrefu sana. Mkuu wa shule akalegeza tai.

Njiani nilimuuliza Kimya kama alijua. Akasema tangu Jumatano. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema nilimkataza.

Jumamosi, 14 Juni

Siku kuu ya maisha yangu, niandike yote.

Asubuhi tulikuta wote sita wameanguliwa, wamekauka, wa njano, wanapiga kelele ndani ya boksi. Kimya alitaka tubandike karatasi mpya inayosema "bata". Mimi nilikuwa na mpango bora. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, ndivyo wahenga walivyosema. Basi nikamwaga punje sakafuni. Wakichakura mbele ya majaji, ni kuku, mdomo upende usipende.

Nilikuwa nimegeuka kutafuta punje zaidi pale Jaji Mkuu alipokuja peke yake, akafunua boksi, akainamia ndani. Akawatazama. Wakamtazama. Akawatoa mmoja mmoja, akawaweka chini kwenye punje.

Hakuchakura hata mmoja. Jaji Mkuu akaondoka kwenda meza ya pili, nao wakajipanga mstari mmoja wakafuata viatu vya njano.

Alisimama kwenye mkono wa chuma. Wakasimama. Alizunguka ubongo wa unga. Wakazunguka. Akaongeza mwendo, wakaongeza, wa mwisho akianguka na kuinuka. Kufikia katikati ya ukumbi hakuna aliyekuwa akitazama sayansi nyingine yoyote. Jaji Mkuu alijitahidi kukunja uso, nikaona uso unamshinda. Akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani kuifuta.

Alipofika kwa Binamu wakaona lile beseni. Hawakuuliza. Chubwi, chubwi, mara sita! Maji yakachafuka, Binamu akaguna. Lakini akayachota yaleyale machafu, akayamimina kwenye chujio, yakatoka meupe kama kioo mbele ya mkoa mzima. Watu walipiga makofi hadi viti vikatikisika. Ningekaa mwaka mzima nikipanga kumharibia nisingeweza kumsaidia vizuri namna ile.

Jaji Mkuu akatuita. Kimya akaombwa aeleze mashine. Na Kimya akasema! Alieleza joto, unyevu, na kwa nini mayai lazima yageuzwe. Akasema hawa ni bata, na kwamba kifaranga wa bata humfuata yule wa kwanza anayemwona akitembea, humhesabu kuwa mama yake. Sauti yake ni nzuri. Sikuwahi kuisikia kwa muda mrefu hivyo.

Kisha Jaji Mkuu akanigeukia mimi. Akauliza mayai tuliyapata wapi.

Mkuu wa shule alikuwa ananitazama. Mwalimu wa biolojia ananitazama. Na nyuma yao, katika gauni lake la sherehe, shangazi, aliyekuja kumshangilia mwanawe. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na mpango. Nikafungua kinywa niseme ukweli, na ukweli nao ukawa umesahau njia.

"Ni yangu," akasema shangazi. "Nilimpa mimi. Bata wangu mvivu wa kuatamia, nikayaweka chini ya kuku."

Jaji Mkuu akaitikia kwa kichwa. Shangazi akanisogelea kana kwamba ananipongeza, akanishika sikio.

"Kuku wangu," akaninong'oneza, "hajawahi kutaga yai lenye muhuri wa duka."

Alijua tangu Jumanne jioni. Binamu pia. Shangazi ndiye aliyemwambia anyamaze, aone nitafika wapi. Akasema ningemwomba angenipa mayai na kuku mwenyewe. Sikio bado alikuwa nalo. Halafu akanikumbatia, nikalia kidogo kwenye gauni lake la sherehe, na yeye hakulalamika.

Wa kwanza, Binamu. Wa pili, mkono wa chuma. Wa tatu, sisi! Tuna hadubini! Mkuu wa shule aliibeba mwenyewe mpaka kwenye gari, kama mtoto mchanga. Na wote watatu tunakwenda maonyesho ya taifa. Binamu alinipa mkono. Nikamwambia chujio lake ni zuri. Nilisema kwa dhati, nikashangaa.

Jaji Mkuu aliondoka na kifaranga mmoja. Kifaranga huyo hakukubali kubaki.

Jumapili, 15 Juni

Nimefikiri sana. Nimejifunza mambo matatu: kuomba, kumsikiliza Kimya, na kusema kweli mapema. Mimi ni mtu mpya. Nilimwambia hivyo Kimya asubuhi, tulipokuwa tunasafisha banda la shangazi kama adhabu. Adhabu ni yangu. Kimya alikuja tu. Vifaranga watano walikuwa wanamfuata yeye sasa, hata akienda kumwaga takataka. Alisema amefurahi.

Tukiwa bado tunafagia, akaja mteja wa shangazi kuchukua suruali. Wakawa wanazungumza. Mteja akasema kaka yake ana shamba nje kidogo ya mji, na kwamba huko anafuga mbuni. Wazima. Warefu kuliko mlango. Na kwamba mbuni mmoja ameanza kuatamia.

Fagio likanidondoka.

Yai la mbuni, mbele ya majaji wa taifa! Kimya alinitazama, akajua. Akaniuliza kwa nini tusimwombe tu mwenye shamba. Akiombwa yai la mbuni wake atakataa, nikamwambia, na mimi ni mbuni wa mipango; mbuni gani huomba? Mbuni hubuni.

Kesho baada ya masomo tunakwenda kutazama urefu wa ukuta.