Dunia Iliyojipindua Kwenye Kasha la Saba

Jumatatu, 9 Juni
Miezi minne ghalani. Nina diploma ya jiolojia na kazi yangu ni kufuta mawe vumbi. Leo bosi katangaza kuwa kambi ya utafiti milimani inahitaji mtu mmoja: mimi au Darubini. Darubini ni mwenzangu wa ghalani, anayevaa kioo cha kukuzia shingoni hata akienda chooni. Hanitishi. Kwenye jiolojia kwanza uonekane, mawe baadaye. Nikapaka buti zangu tope ili nifanane na mtu wa porini. Bosi kaniuliza tope limetoka wapi na mvua haijanyesha tangu Aprili. Nikasema nilipita bondeni. Akanituma nipige deki kila nilipokanyaga.

Jumanne, 10 Juni
Mkakati mpya: usafi. Makasha ya sampuli yamejaa vipande vya mwamba vilivyochorongwa ardhini, vya mviringo kama mishumaa, vimepangwa kuanzia juu ya shimo hadi chini kabisa. Nimeosha makasha sita yakameremeta. La saba likaniponyoka. Vipande arobaini na kimoja sakafuni. Darubini alikuwa amekwenda kula, bahati yangu. Nimevirudisha kwa kukadiria: vyeusi juu, vyekundu chini. Kusema kweli kasha limependeza kuliko lilivyokuwa.

Jumatano, 11 Juni
Bosi kasimama mbele ya kasha la saba nusu saa. Chai yake ikapoa mkononi. Mwisho akasema hapa mwamba mzee, ule mweusi, umelala juu ya mwamba kijana, jambo ambalo shimo la jirani halionyeshi kabisa. Huenda tabaka zimepinduka, na kama ni hivyo mashine ya kuchoronga ihamishwe ng'ambo ya mto. Akauliza nani kalileta kasha hili mbele. Ningeweza kusema ukweli. Mdomo ukawahi: "Mimi, bosi. Niliona kitu."

Ijumaa nitawaeleza wakubwa wa kampuni. Nimerudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa mtu mwenye gari.

Alhamisi, 12 Juni
Dada, ambaye naishi kwake, kanisikiliza huku akimenya vitunguu. Kasema nikaseme kweli leo leo, mashine ile inahamishwa na watu thelathini, si mchezo. Shemeji kauliza tu kama mshahara utapanda. Nimemwelewa zaidi shemeji. Nimeandika kurasa nne, "Nadharia ya Dunia Kujigeuza Ubavu". Nimechora na mishale. Darubini kanitakia heri, kwa upole unaotia shaka.

Ijumaa, 13 Juni
Wakubwa saba na maji ya chupa mezani. Dakika kumi za kwanza nilikuwa moto. Mmoja alikuwa anaandika. Ndipo Darubini akanyoosha mkono, akaomba radhi, akauliza kama tunaweza kutazama picha. Kumbe kila kasha hupigwa picha siku linapofika. Kumbe mpiga picha ni yeye. Picha ikawaka ukutani. Bosi akaitazama, akatazama kasha, akanitazama mimi.

"Liliangushwa?"

"Liliteleza, bosi."

Aliyekuwa anaandika akafunika kalamu. Nilitamani ardhi ijigeuze kweli.

Bosi hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Kaniagiza nivirudishe vyote kwa kufuata picha, nisiondoke mpaka kila mpasuko ukutane na mwenzake. Nikakaa sakafuni tangu saa tano. Ajabu, kazi ikaninogea. Kipande kinaingia kwenye kipande kama meno. Saa tisa nikakwama: vipande viwili vilivyotoka kina cha mita themanini na nne vilikataa kukutana, hata nilipovipanga kama vilivyo kwenye picha. Nikavigeuza kichwa chini. Vikashikana. Kumbe wachorongaji walivipanga kinyume tangu kule shimoni, na picha ikapigwa na kosa lao. Nikamwita bosi. Akapiga magoti, akajaribu mwenyewe mara tatu. Kasema ufa uliopita kwenye vipande hivyo wangeusoma unaelekea upande usio wake, wakachoronga miezi miwili mahali patupu.

Kisha akasema nina jicho zuri, mdomo ndio mbovu. Darubini ataenda kambini. Mimi kuanzia Jumatatu nakagua kila kasha kabla halijaandikwa kwenye daftari. Cheo kipo: mkaguzi msaidizi.

Jumamosi, 14 Juni
Dada kafurahi kuliko mimi. Kasema sasa nitulie, nimepata kazi inayonifaa na nimeipata kwa haki. Nimemkubalia. Nimekaa kibarazani nikaitafakari wiki nzima, na nimeona nilikosea jambo moja tu: sikuuliza mapema habari za picha.

Mchana karani wa ofisi kapiga simu. Kambi ya pili inafunguliwa mwezi ujao, wanataka mwanajiolojia anayejua kuendesha gari kwenye njia za milimani. Nikamwambia aniandike, mimi naendesha tangu utotoni. Majaribio ni Jumanne asubuhi, na bosi mwenyewe atakaa kiti cha pembeni.

Shemeji ana gari. Akiamka nitamwuliza breki ni ipi.