Mtani Aliyepanda Jukwaani

Asubuhi ile ya Jumapili, kabla kahawa haijachemka, Bunge la Matairi lilikuwa limeshagawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza ilisema maiti wa jana ukumbini alikuwa mwigizaji. Kambi ya pili, yenye mtu mmoja tu, ilisema yule alikuwa maiti halisi aliyefundishwa kusema.

"Nimezika watu arobaini na mmoja mimi hapa Mikumi," alisema mtu huyo mmoja, Happyness muuza nyanya, ambaye kila msiba humkuta ameshakuwa mwenyekiti, ndiyo maana anaitwa Mama Kamati. "Maiti namjua. Yule alikuwa maiti."

"Mama, maiti gani anaomba mwongozo?" Abuu akaangua kicheko.

"Maiti aliyesoma."

Bunge lenyewe ni kijiwe cha kahawa kando ya barabara kuu, na wajumbe hukalia matairi chakavu ya malori. Abubakari wa bodaboda anaitwa Abuu Breki kwa sababu hicho ndicho kitu pikipiki yake haina. Mzee Bonifas, mstaafu wa reli aliyehamia kutoka Kilosa, ni Mzee Signali: hasemi mpaka anyooshe mkono juu, na mkono ukishapanda wengine wote husimama. Anayemimina kahawa ni Joha. Birika alirithi kwa baba yake, Mzee Kondo, aliyefariki miezi mitatu iliyopita. Tangu siku ile Joha amekuwa mtu wa "karibu" na "asante" tu, nao wajumbe wakampa cheo cha Spika, kwa kuwa katika Bunge zima ndiye pekee asiyesema.

"Spika hukwenda jana, ngoja nikupe," Abuu akamgeukia. "Kikundi kimetoka Morogoro. Mchezo unaitwa *Maiti Anaomba Mwongozo*. Tangazo linasema unatisha na unachekesha. Mimi nikajua basi ni kama kupanda kwenye boda yangu."

Joha akampa kikombe. Hakwenda kwa sababu hakuwa na moyo wa kwenda kuangalia jeneza kwa starehe.

"Jeneza linaingia lenyewe, Spika. Hakuna mtu! Linatambaa. Linafika katikati, kifuniko kinafunguka, jamaa anakaa, sanda mpaka hapa, kofia kichwani, anasema, 'Mheshimiwa mwenyekiti, naomba mwongozo. Nimetangazwa marehemu, je, akidi ilitimia?'"

"Swali zuri," alisema Mzee Signali bila kunyoosha mkono.

"Kamati ikamjibu nini? 'Ndugu marehemu, ng'ombe ameshachinjwa, pilau imeshaiva, huwezi kutufufukia sasa hivi. Utatuaibisha kwa wapishi.'"

"Na hapo walisema kweli," Mama Kamati akadakia. "Wewe hujui kupika pilau ya watu mia tatu halafu mwenye msiba wake asitokee."

"Basi akakubali kuzikwa, kwa shingo upande. Kufika kaburini, kaburi likamkataa!"

"Kaburi linaongea?" aliuliza mjumbe mmoja aliyekosa mchezo.

"Linaongea, tena lina sauti ya karani. 'Namba ya kitambulisho?' Jamaa akataja. 'Weka kidole.' Akaweka. 'Kidole hakisomi. Weka kingine.' Vyote kumi havisomi. Kaburi likamwambia, 'Mtandao uko chini, rudi kesho na mwenyekiti wa mtaa wako.' Mwenyekiti alikuwa pale pale! Akajitokeza kifua mbele kumdhamini. Kaburi likafungua mdomo, likammeza yeye. Likacheua. Likatema viatu."

"Hapo ndipo nilipoondoka," alisema Mama Kamati.

"Hukuondoka, mama. Ulitoka mbio na kiti cha plastiki kimekung'ang'ania nyuma mpaka stendi."

"Kiti kilinifuata chenyewe."

"Na damu ukutani je? Ilikuwa inachuruzika, watu wanapiga mayowe, dereva mmoja wa lori anamkemea maiti, 'Lala wewe! Lala!'"

Mkono wa Mzee Signali ukapanda.

"Ile haikuwa damu," alisema. "Ilikuwa juisi ya rozela. Sukari kidogo imezidi."

"Umejuaje, mzee wangu?"

"Nililamba."

"Mzee! Ulilamba ukuta?"

"Nilikagua. Miaka thelathini na moja relini sikupitisha kitu bila kukagua."

Abuu alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Akajifuta kwa kiganja, akaendelea bila breki, "Sasa kimeumana, taa zimezimwa, maiti anauliza kwa sauti ya shimoni, 'Kuna mtu hapa anayenifahamu?' Ukumbi kimya, hata mtoto halii. Mara nyuma kule Doto akasima..."

Mama Kamati alimfinya paja. Abuu akameza neno lililobaki.

Birika likasimama hewani. Jina hilo halikuwa limetajwa kwenye matairi yale kwa miezi mitatu, ingawa matairi yenyewe yalitoka kwake.

Doto ni fundi wa kuziba pancha za malori, Mnyamwezi ambaye babu yake aliletwa mashamba ya mkonge Kilosa na hakurudi tena Tabora. Mzee Kondo alikuwa Msagara. Kwa hiyo walikuwa watani, na utani wao ulianza kabla Joha hajazaliwa. Kila asubuhi walicheza bao na kutukanana hapo hapo, mmoja akimwita mwenziwe mbeba mizigo, mwingine akimwita mla panya, mpaka wapita njia wasiowajua wakaja kuamulia ugomvi. Watu wa namna hii wana kazi moja kubwa katika maisha. Mmoja akifa, mwingine anakuja msibani kumtukana. Anavaa kofia yake, anatembea mwendo wake, analala mahali maiti anapotakiwa kulala na kukataa kuondoka, mpaka wafiwa wacheke. Mzee Kondo alikuwa akimwambia binti yake, "Nikifa sitaki machozi ya Doto. Hayo hata kitunguu kinaweza kumtoa. Mimi nataka matusi yake."

Mzee Kondo akafa wakati Doto yuko Malolo kwa kibarua cha kupakia vitunguu, simu haishiki mtandao. Kiislamu maiti hangojwi, kabla ya alasiri alikuwa ameshazikwa. Siku ya tatu Doto alifika mpaka ng'ambo ya barabara, akaona turubai linakunjwa, akageuka. Tangu hapo akawa anapita mbali. Watu wote walimwambia Joha pole. Hakuna hata mmoja aliyemtukana baba yake, naye hakujua aanze vipi kumlilia mtu aliyezikwa kwa heshima kiasi kile, kana kwamba alikuwa mgeni.

"Doto alifanya nini?" aliuliza Joha.

Wajumbe wakatazamana. Spika amesema.

"Hakuna kitu, mwanangu," alisema Mama Kamati. "Hoja hiyo imeondolewa. Abuu, zungumzia mpira."

"Doto alifanya nini, Abuu?"

"Dada Joha, tulikubaliana tusikuambie. Mimi mwenyewe ndiye niliyetoa wazo," Abuu alisema, na papo hapo akawa ameshatoa simu mfukoni. "Lakini video ninayo."

"Weka hiyo simu!" Mama Kamati akainuka. "Jambo la aibu lile! Utani una mahali pake, msibani, kwa wafiwa. Siyo kupanda jukwaani kumtangaza marehemu wa watu mbele ya madereva waliolipa kiingilio!"

"Ile ni sanaa, mama."

"Sanaa gani? Muda wa kuja kwenye msiba alikosa, wa kwenda kwenye mchezo akaupata?"

Joha alikuwa na swali hilo hilo, ila kwake halikuwa la ubishi. Kama Doto alipanda pale kutafuta kupigiwa makofi, basi baba yake alikuwa amekosa mtani akiwa hai na akiwa maiti, na miaka yote ile ya matusi ilikuwa kelele tu za kuuzia kahawa.

Mkono wa Mzee Signali ukapanda.

"Mwonyeshe," alisema.

Kioo cha simu kilikuwa na ufa, na juu ya ufa ule Doto alikuwa anapanda jukwaani. "Mimi nakufahamu, mwizi wa kete wewe!" Ukumbi ukalipuka. Akamvua maiti kofia, akaivaa upande, akashika kiuno, akaanza kuchechemea mguu wa kushoto huku akikohoa mara mbili na kutema mate pembeni. Joha akafunika mdomo. Ulikuwa mwendo wa baba yake, na kikohozi kilikuwa chake.

"Msagara gani anakufa siku ya Jumanne bila kumuaga mtani wake?" Doto alikuwa akimfokea maiti. "Ulinifunga bao la mwisho, ukaona ukimbilie huko nisikurudishie? Toka! Toka humo nilale mimi. Leo hazikwi mtu hapa!" Akajitupa ndani ya jeneza kwa miguu na viatu.

Maiti akabaki amesimama na sanda yake. "Kaka," alisikika akinong'ona, "hii haimo kwenye mchezo."

"Wewe nyamaza, umeshakufa."

Watu walikuwa wanaanguka kwenye viti. Mtu aliyecheza kaburi alitoka chini ya kitambaa cheusi kuja kubembeleza. Ikashindikana. Mwishowe mwenyekiti aliyemezwa akarudi kutoka kuzimu, bila viatu, kuja kusuluhisha.

Abuu alikuwa anacheka upya kama hakuwahi kuiona. Joha hakutazama watu waliocheka. Alitazama uso wa Doto ndani ya jeneza, taa zikimmulika. Watu mia mbili walikuwa kwenye starehe. Yule mmoja alikuwa kazini.

"Miezi mitatu amechelewa," alinung'unika Mama Kamati, ila sauti ilikuwa imeshuka.

"Treni ikichelewa haiitwi imekosekana," alisema Mzee Signali. "Inaitwa haijafika."

"Hodi wanabunge!"

Aliyebisha hodi alikuwa kijana mwenye fulana ya kikundi cha maigizo na viatu vyekundu vilivyochongoka mbele. Alikuwa amemshika mtu mkono wa shati na kumvuta kama anavuta mbuzi kuvuka mto. Mtu huyo alikuwa Doto.

"Naitwa Deogratias, mimi ndiye kiongozi wa kikundi. Jioni tunaonyesha Kilosa, nami namtaka huyu mzee. Nimembembeleza tangu alfajiri! Nimemwambia nitampa jina kubwa kuliko la maiti. Anasema hapandi jukwaani tena bila ruhusa ya mtu anaitwa Spika. Ni nani hapa?"

Doto alikuwa amejichomoa na kusimama upande wa pili wa mtaro, macho chini, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyevunja kioo cha darasa. Mikumi nzima inajua sheria: mdogo akimwona mkubwa, shikamoo ndiyo inayotangulia, hata kama mna kesi. Wote wakamngoja Joha. Shikamoo haikutoka. Mama Kamati akaanza kusema moyoni kwamba malezi yamekwisha katika nchi hii.

Joha aliweka birika chini.

"Wewe Mnyamwezi," alisema.

Abuu alishika tairi kwa mikono miwili.

"Babu yako alitoka Tabora kwa miguu, akawahi kazi ya mkonge. Wewe unatoka Malolo kwa lori, unachelewa mazishi!"

Doto akainua uso taratibu. Midomo ilikuwa inamcheza. Kwanza ilionekana atalia, na kama angelia pale, mambo yote yangeharibika.

"Na baba yako je?" akasema, sauti ikikwaruza. "Maisha yake yote anakwenda kama kinyonga aliyekula shibe. Kuchota maji anachelewa, swala anachelewa, hata harusi yake mwenyewe tulimfuata shambani. Siku ya kuzikwa ndiyo akapata mwendo? Alikuwa anamkimbia nani?"

"Wewe! Uso wako huo!"

"Uso wangu huu ndio aliokuwa anautazama kila asubuhi ili ajione mzuri!"

Kicheko kilimtoka Joha, na nyuma yake kilio, vikagombania mlango mmoja. Alicheka ameshika magoti, akalia ameshika magoti. Mama Kamati, mzoefu wa misiba arobaini na mmoja, alijitanda khanga usoni na kusema kuna moshi.

Deogratias alikuwa anapiga makofi. "Hii hii! Hii ndiyo naitaka Kilosa! Dada, na wewe panda gari, nafasi ipo!"

"Hii haiendi Kilosa," alisema Joha, akijifuta kwa mkono wa baibui. "Inakwenda makaburini. Mtani, yule wa jukwaani umemzika vizuri, nimeona. Wangu bado."

"Sasa hivi?" aliuliza Doto.

"Unataka uende tena Malolo kwanza?"

Akamwaga maji kwenye jiko, makaa yakalia. Haijawahi kutokea Bunge la Matairi kuahirishwa kabla ya saa nne. Mzee Signali alinyoosha mkono kuelekea upande wa makaburi, na kwa mara ya kwanza ishara ile ilikuwa ya kuruhusu. Abuu akajitolea kuwapakia. Wote wakakataa kwa pamoja, wakaanza kwenda kwa miguu.

Deogratias aliwafuata hatua chache, akasita.

"Samahani dada. Na sisi wa mbali tunaruhusiwa kuangalia?"

"Njoo," alisema Joha. "Kiingilio ni kutukanwa."

Doto alisimama, akamgeukia kijana, akamkagua kuanzia nywele mpaka chini, pole pole, kama fundi anayetafuta upepo unatokea wapi.

"Naanza na viatu," alisema.