Mama wa Ndani ya Tableti

Leo nimepata haya, ile haya ya kweli kweli. Ngojeni niwaelezee mimi mwenyewe, kabla watoto wa darasa langu hawajafika kwao na kueleza wazazi.

Munazijua zile tableti walizoleta hapa kwenye shule yetu, Kalemie? Jana direkta alituonya: inspekteri anakuja, mwalimu akishindwa kuzitumikisha, zinapanda treni, zinaenda shule ya Kongolo. Nikamujibu, "Papa Direkta, lala tu usingizi. Mimi nilifanya formasio, mafunzo yote ya tableti." Nilifanya kweli! Siku ya kwanza nilisikiliza. Siku ya pili harufu ya bukari, ugali wetu, na samaki mikebuka ikatoka jikoni, yaliyobaki sikumbuki.

Basi leo saa tatu inspekteri anaingia, anaikaa nyuma, anafungua kaye yake ya kuandikia. Nainua tableti juu, nagusa hapa, nagusa pale. Vipicha vidogo vidogo, hakuna hata neno moja pembeni! Jasho linanitoka. Mara sauti ya mama inatoka ndani:

"Jambo! Muko tayari kusoma? Jibuni!"

Munajua desturi yetu: mukubwa akisalimia, darasa linasimama. Watoto arobaini wakasimama. "Jambo Mamaaa!" Na asiposema "ikaeni", hakuna anayeikaa. Mimi nikafikiri, huyu njo mukubwa wa elimu, anatupigia toka Kinshasa! Nikavua kofia. (Navaa kofia darasani sababu paa inavuja.)

"Jambo Mama. Niko mwalimu wa mwaka wa tatu. Watoto wote wako wazima. Shida yetu ni paa tu."

"Sijasikia vizuri. Rudia tena."

Nikarudia kwa nguvu. Nikaongeza na mambo ya choo.

"Sijasikia vizuri. Rudia tena."

Mara ya tatu nikapiga kelele mpaka wamama wanaouza samaki ndagala nje wakachungulia dirishani. Watoto bado wamesimama. Hata inspekteri alikuwa amesimama, yarabi!

Ndipo Furaha akatoka kwenye benchi ya nyuma. Ni mutoto wa wavuvi wa Zongwe, mwaka muzima hajafungua kinywa. Ukimuita aandike kwenye tablo anaangalia miguu yake tu. Akanivuta shati, akaninong'oneza:

"Papa mwalimu, ule haiko muntu. Anangoja uguse sikio."

Akagusa kapicha ka sikio. (Mimi nilifikiri ni kikombe!) Neno likatokea. Furaha akalisoma, akakosea. "Rudia tena," mama akasema, bila kuchoka, bila kukasirika. Akarudia, akakosea. Akarudia tena. Mara ya nne: "Vizuri sana!" Akaendelea hivyo, neno kwa neno, mpaka mwisho wa ukurasa, kwa sauti.

Mungu wangu! Ule mutoto nimemufundisha mwaka muzima na sikujua ana sauti gani. Akikosea mara moja, mimi huwa naita mwingine. Hata siku moja sikumupatia mara ya nne. Nilisimama pale na kofia mukononi.

Inspekteri akafunga kaye. "Tableti zinabaki," akasema. Watoto wakapiga makofi, nami nikapiga. Kisha akaniangalia. "Lakini wewe, mwalimu, kila siku wakati wa mapumziko, Furaha atakufundisha."

Kesho naanza, benchi ya mbele. Tafazali, musinicheke. Mimi niko kwenye mara ya kwanza tu.