Mji wa Sultani Munga na Bakuli la Zuleikha

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Mtongwe.

Nina miaka themanini na moja. Nimewazika wake wawili, machifu sita na daktari aliyenikataza chumvi. Shule nilisoma miezi minne, mwalimu akaogopa nitampita. Kwa hiyo naandika mwenyewe, asije mtu akanipotosha.

Leo wamekuja wachimbaji wa mambo ya kale. Mkubwa wao ni binti, Daktari Milcah. Kanipa shikamoo ya heshima. Nikamwambia amefika penyewe. Chini ya shamba langu umelala mji wa babu yangu, Sultani Munga, milango ya dhahabu, mji uliozama siku moja kwa kiburi. Hadithi hii naisimulia miaka hamsini. Akauliza jaa la zamani liko wapi. Jaa! Nampa kasri, yeye ataka taka!

Asema wakimaliza patawekwa kibao, na mtu mmoja wa hapa atachaguliwa kuwasimulia wanafunzi habari za mji. Mtu huyo ni mimi. Nani mwingine?

Jumanne, 5 Agosti

Wamechimba jaani kutwa, kwa vijiko na brashi, kama wanaomfuta mtoto pua. Wamepata miiba ya samaki, vigae na mavi ya chuma. Wakashangilia! Ati ushahidi kwamba hapa watu waliyeyusha chuma. Nimeona haya kwa niaba ya Sultani.

Jirani yangu Mwanatabu, mfinyanzi, kajipenyeza. Kaokota kigae, kasema mistari hiyo huchorwa kwa ganda la kombe, ndivyo alivyofunzwa na bibi yake. Milcah akamletea kiti. Mimi nimesimama tangu asubuhi!

Alhamisi, 7 Agosti

Msiba. Milcah asema mji haukuzama. Kila tabaka la udongo lina vigae vichache kuliko la chini yake. Kisima kiliingia chumvi, watu wakaondoka nyumba moja moja. Wakahama! Sultani mzima ahame kama mpangaji! Na waliojenga ni wafinyanzi, wavuvi na wahunzi wa papa hapa. Dhahabu hata chembe.

Mwanatabu akaniuliza, mbele ya watu, kama Sultani ile milango aliibeba kichwani au kwa mkokoteni.

Nina mpango. Binti yangu Zuleikha ana bakuli la kaure la kale, urithi wa mama yake, hupakulia mbaazi. Nitalizika palipo kasri. Kaure kutoka Uchina! Milcah atakataa nini?

Ijumaa, 8 Agosti

Nimelizika baada ya sala ya alfajiri. Kwa adabu zote. Mimi siziki kitu bila kukinyunyizia marashi, nimelelewa hivyo. Nimemaliza chupa nzima. Sultani ni Sultani.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemwonyesha Milcah mahali. Nusu saa tu, bakuli hilo! Nikapiga takbiri. Milcah akaliinua. Akalinusa. Akampa Mwanatabu, naye akanusa. Mwanatabu akasema wallahi Sultani huyu kafa zamani lakini kaoga jana, tena kwa marashi ya duka la Tsofa hapa Mtongwe.

Milcah, kwa upole, kaniambia babu, udongo huu ni mlegevu, umefukuliwa juzijuzi. Na ndani mna punje ya mbaazi. Nikasema mbaazi za kale. Hapo akatokea Zuleikha, aliyekuwa akilitafuta bakuli lake tangu jana. Akalitwaa. Akaniambia chakula cha mchana nikale kwa Sultani.

Jumatatu, 11 Agosti

Barazani kwa chifu, Milcah ametangaza msimulizi. Mwanatabu! Watu wakapiga makofi. Hata mimi, kidogo. Mwanatabu akainuka, akasema wanafunzi wakichoka na ukweli atawaleta kwangu. Wote wakacheka. Nimekubali. Nilijua watanihitaji.

Nimefikiri sana njiani. Mambo sasa ni wazi: Sultani Munga alikuwa mfinyanzi. Nimelisema hilo miaka hamsini. Jioni nimemwomba Mwanatabu chungu kimoja. Kanipa, hata hakuuliza cha nini. Kesho nitakizika jaani, maadamu jaani ndiko wapendako. Marashi sitii tena, nimekoma.

Nitakifukiza udi tu.

Asiyeamini haya amuulize Mwanatabu, aliyecheka. Na Zuleikha, aliyeninyima mbaazi. Na Sultani mwenyewe, akishapatikana.