Kopo la Maziwa Lililoimba Kama Bilonda

Kolwezi, Jumapili, 3 Agosti 1975

Bilonda wangu,

Nimefungua redio yako. Usikasirike. Tangu uondoke haijasema neno, hata nikiigonga ubavuni kwa kiganja kama ulivyokuwa ukifanya. Wewe ukiigonga, inaimba. Mimi nikiigonga, linatoka vumbi. Kile kitambaa ulichoishonea ili isipate baridi nimekikunja. Kiko chini ya mto wangu.

Sababu ni hii. Mdogo wako wa kike, Mianda, alipita baada ya ibada. Familia imekubaliana: kilio chako kitamalizika Jumamosi, hapa nyumbani. Watu watanawa, watakula, mimi nitavua kitambaa cheusi mkononi. Kisha kila mtu atarudi kwake, na jina lako litaanza kutajwa mara chache. Hilo la mwisho Mianda hakulisema. Nalisema mimi.

Akaongeza kwamba Mukalay atapiga akordeoni. Mukalay! Jirani yetu, fundi cherehani, yule anayejipaka mafuta ya nywele mpaka nzi wanateleza. Amekutungia wimbo. Anakuita ua la Lualaba. Wewe, uliyekuwa ukipiga chafya ukiona maua!

Mimi nautaka wimbo wako mwenyewe. Ule usio na maneno, uliokuwa ukiuimba kwa pua ukipepeta unga wa mahindi wa bukari. Unapanda, unapanda, ukifika juu sauti inateleza, unacheka, unaanza tena. Hakuna aliyeurekodi. Nani angerekodi mwanamke anayepepeta unga? Leo asubuhi nilijaribu kuuimba nikakuta nina mwanzo tu. Pale juu pamekuwa patupu. Niliogopa, Bilonda. Nilisimama na mswaki mdomoni muda mrefu.

Lakini nina mpango! Katika gazeti moja la Kifaransa la mafundi wa redio kuna mchoro wa mashine ndogo ya kutoa sauti. Transista, vijiti vichache vyenye mistari ya rangi, spika, betri: vyote vimo katika redio yako, na vitaenea katika kopo la maziwa. Hakuna kinanda wala nyuzi. Nitautafuta wimbo humo mpaka niupate. Jumamosi kopo litaimba, akordeoni itanyamaza. Rahisi.

Jumatatu, 4 Agosti

Si rahisi.

Nimetoka kazini kwenye bohari mbio mbio. Nimeunga nyaya kwa msumari uliowekwa motoni. Nimeunguza kitambaa cha meza (kile cha bluu, samahani) na kidole gumba. Vyote nimevitia katika kopo la maziwa ya unga, spika ikitazama juu kama uso wa mtu anayeoga. Waya mbili zinatoka nje. Unashika mmoja kwa mkono huu, mwingine kwa mkono ule. Umeme wa betri unapita ndani ya mwili wako, mdogo kiasi kwamba huusikii. Ukibana kwa nguvu, sauti inapanda. Ukilegeza, inashuka.

Nikabana.

Imelia! Mungu wangu, imelia! Nimeruka. Imelia kama mbuzi.

Si mimi ninayesema. Mama Tshibola, yule anayefuga mbuzi nyuma ya uzio wetu, alifika akikimbia na kijiko mkononi. Akauliza: "Tata Kazadi, munachinja mbuzi bila kuniita?" Nikamwonyesha kopo. Akalizunguka. Akasema hata kama si mbuzi, huyo aliyemo anaumwa, nimtoe.

Mianda naye akafika. Akaiona redio iliyo tupu. "Shemeki, redio ya yaya yangu unaifanya nini?" Bado anakuita yaya, dada mkubwa. Nikasema ni matengenezo. Akatazama kitambaa cha meza. Mnafanana sana mkinyamaza.

Jumanne, 5 Agosti

Leo nimepata sauti tatu za mwanzo wa wimbo wako. Nimezipata nikiwa nimetoka kuosha sufuria. Baadaye nilipojaribu tena, kopo likawa bubu. Sijui kwa nini. Labda betri ina hasira.

Nimeshughulikia suala la Mukalay. Kwa werevu mkubwa. Nilimwendea nikamwambia kwa upole kwamba vumbi la kiangazi cha mwaka huu ni baya, linaingia kila mahali, na akordeoni ni kama pafu la mtu. Nyumba yake iko kando ya barabara ya malori. Yangu iko nyuma. Nikajitolea kumtunzia chombo chake kabatini mpaka kilio kiishe. Nilikusudia ufunguo wa kabati upotee Ijumaa.

Machozi yalimlengalenga. Akanishika mabega, akaniita ndugu. Akasema watu wa mtaa wanamwonea kijicho, lakini mimi, Citoyen Kazadi (raia, kama tunavyoagizwa kuitana), nina moyo.

Akaileta palepale. Pamoja na cherehani yake, kwa sababu nayo ina mapafu.

Jumatano, 6 Agosti

Msiba! Akordeoni ikilala kwangu, Mukalay naye anafanyia mazoezi kwangu. Anasema hapa hewa ni safi. Amekaa juu ya kitanda chetu, upande wako, anavuta na kusukuma. Ua la Lualaba mara hii, ua la Lualaba mara ile. Nikajaribu kumkatisha tamaa. Nikamwambia Bilonda hakupenda maua, yalimtia chafya.

Akafikiri. Akaweka chafya katika ubeti wa pili.

Ni ubeti mzuri, nakiri hapa tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Wazo jipya, kubwa kuliko yote. Usiku wa kuamkia leo nimekumbuka kwamba wewe hukuwahi kuimba chumbani. Uliimba jikoni, pale uani. Basi sauti itoke jikoni! Spika jikoni, mimi nimejificha chumbani na waya zangu. Watu watasikia wimbo wako unatoka mahali pake. Mukalay atadondosha akordeoni.

Shida: sina waya wa kutosha. Suluhisho: ardhi! Ardhi ya Kolwezi ni shaba. Dunia nzima inakuja kuichukua. Kwa nini nitafute waya na ninakanyaga shaba kila siku? Msumari mmoja chini ya dirisha, mwingine mlangoni mwa jiko.

Nilipita sokoni Manika kumwuliza Ngeleka, fundi wa redio. Alinitazama kama mtu anayepima homa. Akasema: "Tata, udongo ni udongo. Shaba iko mbali chini, inangoja mashine. Na kiangazi hiki, udongo huu haupitishi hata maji." Nikamshukuru. Nikanunua misumari.

Nikapigilia. Nikabana. Kimya. Basi, kama ni ukavu, nitaleta maji. Nikamwaga ndoo. Nikamwaga ndoo nyingine. Ua wote ukawa tope jekundu. Kopo, kimya. Mbuzi mmoja wa Mama Tshibola akaja kunywa, akang'oa msumari, akaondoka nao.

Ndipo Mianda akaingia na beseni la unga wa Jumamosi kichwani.

Sikupata hata nafasi ya kupiga kelele. Aliteleza taratibu, kama mtu anayeketi kanisani, na unga wote ukamshukia. Akakaa kwenye tope, mweupe juu, mwekundu chini. Nilingoja matusi. Akacheka. Bilonda, ni kicheko chako! Kile kile, kinachoanza puani. Tulicheka mpaka Mukalay akatoka chumbani kuuliza nani amekufa. Kisha kicheko kikatukatikia, kwa sababu ya swali hilo.

Nikamwambia Mianda ukweli wote wa kopo. Nikamwuliza kama anaukumbuka ule wimbo. Akasema anakumbuka kwamba ulikuwepo. Kama mimi tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeosha ua. Nimepepeta unga mwenyewe, vibaya. Wimbo haukuja. Ufunguo wa kabati nilijitahidi kuupoteza, lakini Mukalay aliuokota mara zote.

Jumamosi, 9 Agosti

Bilonda, kaa chini nikusimulie.

Walikuja wote. Mpaka binamu zako wa Kisenge. Viti havikutosha. Nilivua kitambaa cheusi, mkono ukaonekana mwembamba. Kisha nikasimama mbele yao na kopo. Nikasema nitawasikilizisha sauti ya Bilonda. Nikashika waya. Nikabana. Hakuna. Nikabana mpaka mishipa ikatoka. Viganja vyangu vilikuwa vimekauka kama maganda ya mahindi. Binamu mmoja akakohoa. Mama Tshibola akasema kwa huruma kwamba huenda mgonjwa wa kopo amekwisha kufa.

Nikalisukuma chini ya kiti. Mukalay akapiga wimbo wake. Chafya ikawachekesha wote, wakalia vizuri. Mimi nilitazama viatu.

Kisha chakula. Mianda akazungusha beseni na jagi, watu wakanawa. Mukalay, maji bado yakimdondoka, akainama chini ya kiti changu. "Citoyen, humu muko nini, maziwa?" Akashika waya zote mbili.

Likapiga yowe! Mukalay naye akapiga yowe. Watu walisimama. Yeye akasema limemjua, mimi nikasema: mikono! Ni maji! Ndiyo maana Jumanne, nilipotoka kuosha sufuria! Nikatumbukiza mikono yangu katika beseni, nikanyakua waya mmoja. Ule mwingine Mukalay hakuuachia, sijui kwa woga au kwa wivu. Tukavutana. Kopo likanyamaza, maana sasa kila mmoja alikuwa na nusu tu.

Mianda akasema: "Munagombana juu ya yaya yangu siku ya leo?" Akaweka jagi chini, akatushika mikono, mmoja huku, mmoja kule, ili kututenganisha.

Na kopo likaimba. Kupitia kwake.

Nilibana kidogo mkono wa Mianda, sauti ikapanda. Mukalay, ambaye ana masikio, hilo simnyimi, akaelewa, naye akabana. Ikapanda. Mwanzo wako. Ikapanda tena. Tukafika pale juu, pale patupu, nami sikujua pa kwenda. Mianda alikuwa analia. Akauondoa mkono wake kwangu kujifuta uso, sauti ikakatika, kisha akaurudisha umelowa machozi, umelegea. Sauti ikarudi. Na ikateleza.

Pale pale. Hivyo hivyo ulivyoteleza wewe.

Mama Tshibola, tonge la bukari mkononi, akasema polepole: "Bilonda anapepeta."

Tuliufanya tena mpaka chakula kikapoa. Kila mtu alitaka kushika. Binamu wa Kisenge walipanga mstari, mkono kwa mkono, wakatoa sauti ya mbuzi, wakafurahi kabisa. Jina lako lilitajwa na kila mdomo.

Jumapili, 10 Agosti

Bilonda wangu,

Betri zimekwisha. Mukalay amechukua cherehani, akordeoni ameiacha. Amependekeza tufanye orkestra, kopo na akordeoni. Nimekubali, maana mtu akiwa karibu ni rahisi kumzuia.

Wimbo ninao. Nimeuimba leo nikinyoa, wote, na nikateleza mahali pake. Nikajikata.

Jambo moja tu linanisumbua. Jana wote walisikia isipokuwa wewe. Nimefikiri njia nzima kutoka kanisani, na nina mpango. Msumari mmoja hapa mlangoni mwa jiko. Mwingine kule makaburini, karibu nawe. Ngeleka anasema haiwezekani. Ngeleka ni mtu wa sokoni, haijui ardhi ya Kolwezi. Kosa la Alhamisi lilikuwa maji machache, basi. Mianda ameniona natoka na ndoo. Ameficha unga.

Ukisikia huko chini kitu kama mbuzi anayeumwa, usiogope. Ni mimi. Subiri kidogo, kitapanda, kisha kitateleza.

Hapo unikumbuke.

Louis wako
(huku nje majina ya Kizungu yamekatazwa, naitwa Kazadi tu, lakini jikoni uliniita hivyo)