Maboksi ya Bruda

Godlisten alikuwa ameshaipita Kiroka, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, na bado anaimba. Mtu anayekwenda kumdhulumu mwenzake huimba hivyo akishajiaminisha kwamba anakwenda kumsaidia. Chini yake ilinguruma pikipiki ya dada yake Pendo, muuza nyanya wa mtaa wa Mwembesongo, mjini, aliyeinunua kwa jasho la misimu mingi na kumkabidhi mdogo wake kwa maneno machache: "Ikipotea hii, na wewe potea." Godlisten aliyapokea maneno hayo kama dua ya safari njema.

Safari ilikuwa ya kupanda Matombo, milimani, mara ya pili wiki ile. Mara ya kwanza alipeleka abiria msibani, akaomba maji nyumba ya jirani, kwa mjane mmoja aitwaye Bernadeta. Akiwa anakunywa, macho yake, ambayo hayajawahi kukaa likizo tangu azaliwe, yakapanda juu ya kabati. Pale palikuwa na maboksi matatu yaliyolala chini ya vumbi, na kwenye ubavu wa kila moja picha ya gari la Kimarekani la zamani: moja jekundu, refu, lenye mapezi nyuma kama samaki; jingine la bluu; jingine jeupe lisilo na paa.

Maji yakampalia.

Mwingine angeona takataka za watoto. Godlisten alimwona Eustace.

Eustace alistaafu kwenye mashamba ya miwa, akajenga juu kule mtaa wa Forest, kwenye mteremko, na badala ya kufuga kuku kama wastaafu wenye akili, akafuga magari ya plastiki. Ni yale madogo ya kuunganisha: yanakuja vipande vipande ndani ya boksi, unakata, unapiga msasa, unabandika kwa gundi, unapaka rangi, na mwisho wa mwezi una gari lisiloweza kubeba hata panzi. Ya zamani ndiyo yenye heshima. Kila Jumapili, baada ya ibada, mwalimu mstaafu Abel alikuja na la kwake, yakawekwa mawili ya aina moja bega kwa bega mezani, wazee wakatoa tochi na lenzi, wakatafuta nani gundi imemchafulia kioo. Chai ilipoa. Urafiki pia ulipoa, mpaka Jumapili nyingine.

Godlisten ndiye aliyekuwa akimletea Eustace vifurushi vyake kutoka stendi, na hapo ndipo alipofundishwa dini yenyewe.

"Lililounganishwa ni gari tu," alisema Eustace. "Lisilofunguliwa ndiyo hazina. Ukilifungua, umeliua."

"Sasa mzee wangu, usipolifungua utajuaje ndani kuna nini?"

Eustace alimtazama kama katekista aliyeulizwa nani alimuumba Mungu. "Utaamini."

Toka siku hiyo Godlisten akawa muumini. Akasikia na kiapo cha mzee: atakayeleta maboksi matatu ya zamani, hayajaguswa, ya kumnyamazisha Abel milele, atachukua gari la Eustace. Gari la kweli, lile la kijivu lililokuwa linanyeshewa mvua uani, kwa sababu vyumbani mlikuwa mmejaa yale ya plastiki.

Kwa hiyo siku ile, koo lilipokaa sawa, Godlisten alivaa uso wa msiba. Alikuwa nao tayari, ametoka msibani.

"Mama, yale maboksi ni ya nani?"

"Ya Bruda, yule mtawa wa Kizungu. Alikuwa anafundisha useremala misheni. Alipoondoka kurudi kwao akatuachia."

"Kuna mtoto mjini anaumwa, mama. Miaka saba. Anapenda vigari, we acha tu. Kila akiamka analilia kigari."

"Masikini! Basi nimpe bure akachezee."

"Ila..." Godlisten akakohoa. "Yawe hayajafunguliwa. Likiwa limefunguliwa halifai kabisa."

Bernadeta aliacha kuchambua maharage. "Halifai kwa nani?"

"Kwa mtoto."

"Mtoto mgonjwa, anapewa zawadi, asiifungue?"

"Ndiyo ugonjwa wenyewe huo, mama."

Bernadeta alimtazama, akatazama pikipiki uani, akarudi kwenye maharage yake. "Rudi Jumamosi, baba. Acha niyapanguse vumbi."

Jumamosi ndiyo hii. Godlisten aliegesha, akavua kofia ngumu, akapiga hodi kwa sauti ya mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto anaendeleaje?"

"Mtoto gani? Aah, yule! Hivyo hivyo tu, anakusalimu."

Maboksi yalikuwa mezani, yamepanguswa, yamevikwa nailoni nyepesi iliyokaza kama ngozi ya ngoma. Godlisten alipitisha kidole. Kwenye kona moja nailoni ilikuwa na alama ya kuungua, umbo la ncha ya pasi ya mkaa. Mtu mwingine angeuliza. Yeye alijiambia: kumbe hata Wazungu wa zamani walikuwa wanapiga pasi.

"Mama, hayajafunguliwa?"

"Tangu yafungwe hajayagusa mtu."

Akaliinua lile jekundu, akalitikisa sikioni. Likalia shaka-shaka, shaka-shaka, vizuri kabisa, sauti ya vitu vingi vidogo vidogo. Harufu yake ilikuwa ya mdalasini, lakini huku juu kila kitu kinanukia mdalasini, hata noti.

Pembeni, kwenye kona ya sebule, palikuwa bado na pango la Noeli. Majani ya migomba, Mtoto Yesu wa udongo, mbuzi badala ya kondoo. Mamajusi watatu hawakuja na ngamia. Kila mmoja alikuwa na gari lake limeegeshwa mbele ya hori: la bluu, jeupe lisilo na paa, na mbele kabisa jekundu, refu, lenye mapezi nyuma kama samaki.

Godlisten alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama! Mamajusi wenu wana hela!"

"Safari yao ndefu, baba. Na barabara unaijua."

Akaendelea kucheka, boksi lenye picha ya gari lile lile likiwa mikononi mwake. Tamaa ni kama ukungu wa Uluguru: mlima mzima uko mbele yako, wewe unaona pua yako tu.

Yakaja maelewano. Godlisten akatoa noti, akazipanga kama karata.

"Za nini hizo?" alisema Bernadeta. "Ndizi zinaniozea hapa. Iliki, machungwa, kila kitu. Mjukuu wangu Judith anajua kuendesha, chombo ndiyo hana. Niachie hicho."

"Kipi?"

"Hicho kilichokuleta."

"Mama, pikipiki? Kwa vigari vya plastiki?"

"Basi. Ngoja niyafungue, wachezee watoto wa hapa." Akachukua kisu cha kumenyea ndizi.

"Mama! Mama, tulia! Weka kisu!"

Jasho likamtoka. Akamwona Pendo, mikono kiunoni. Kisha akaliona gari la kijivu na yeye ndani, kiwiko dirishani, akipita taratibu mbele ya kibanda cha nyanya. Anayetoa pikipiki akapata gari kapoteza nini? Akatoa funguo. Bernadeta akamfungia na mkungu wa ndizi, ampelekee mtoto.

Alishuka mjini juu ya lori la ndizi, maboksi yamekumbatiwa kifuani kama pacha watatu.

Eustace aliyapokea kwa glavu. Akalitikisa jekundu, akafumba macho.

"Sikiliza hiyo sauti, Godlisten. Siku hizi hawatengenezi sauti kama hiyo."

"Ndiyo plastiki ya enzi zile, mzee."

"Na hii harufu?"

"Misheni, mzee. Ubani."

Eustace alitikisa kichwa kwa unyenyekevu. Halafu, ghafla, wote wawili wakapatwa na haraka. Godlisten alitaka kuondoka kabla mzee hajabadili dini akafungua. Eustace naye, bila sababu inayoeleweka, alitaka kijana aondoke upesi.

"Funguo hizi, na kadi hii. Ila usiliwashe hapa. Jirani ana mgonjwa, hataki kelele. Toa breki tu, mteremko utakusaidia."

"Hata boneti nisiangalie?"

"Boneti?" Eustace alionekana kuumia. "Mimi nimeangalia ndani ya maboksi yako?"

Hoja ilikuwa nzito. Godlisten akaingia, akatoa breki, na gari likashuka kutoka Forest kama limepakwa mafuta. Kiwiko dirishani. Upepo. Injini haisikiki kabisa! Akawahurumia wenye magari yanayonguruma. Akapita watu, akawapungia. Likatelemka mpaka tambarare, likapunguza mwendo kwa heshima zote, likasimama kwenye barabara ya Mwembesongo, mbele ya kibanda cha nyanya.

Pendo alitoka akifuta mikono. "Pikipiki iko wapi?"

"Dada, kwanza ona gari."

"Liwashe nisikie."

Akazungusha ufunguo. Kimya. Fundi wa jirani akaja, akainua boneti, akachungulia muda mrefu, akaita wenzake waje nao waone. Mle ndani injini haikuwepo. Palikuwa na kiota kikavu cha kuku na yai moja viza.

"Hili, kaka," alisema fundi, "ni la kuunganisha."

Yaliyofuata ni haya. Pendo alipanda Matombo mwenyewe kuidai pikipiki, akakaribishwa ndizi za nazi na maharage, akalala siku mbili. Akarudi bila pikipiki lakini na mkataba wa mdomo: Judith anashusha mizigo, Pendo anauza, faida nusu kwa nusu. Kibanda sasa kina iliki na machungwa. Godlisten anapakua mizigo hiyo kila alfajiri na halipwi, kwa kuwa anakula na analala kwa dada. Gari la kijivu liko juu ya matofali nyuma ya nyumba, na kuku wamerudi.

Abel alisikia habari, akasafiri hadi Matombo na lenzi yake. Alipiga magoti mbele ya pango la Noeli, Bernadeta akadhani anasali. Alipoinuka alisema gundi imesafishwa vizuri, ila gari la Majusi wa kwanza lina alama ya kidole kwenye kioo. Abel hakumwambia Eustace alichokiona.

Maboksi matatu yako Forest, ndani ya kabati la kioo. Yameanza kutoboka matundu madogo madogo, na kila asubuhi chini yake panakuwa na unga mweupe kama wa maharage yaliyoliwa na wadudu. Eustace huwaeleza wageni kwamba huo ndio uzee wa plastiki halisi.

Bernadeta, kila Judith akishuka mjini, hutuma salamu kumuulizia yule mtoto mgonjwa. Mtoto hajambo. Ana miaka sitini na minane, na zawadi yake hajaifungua.