Bega Langu na Dari ya Ukumbi

Jumatatu, 4 Machi
Daktari amesema kano ya bega la kulia imechanika nusu. Miaka ishirini na miwili ya kupaka rangi dari za watu! Atanitoa damu, aizungushe kwenye mashine, achukue sehemu yenye chembe za kusaidia kupona, anidunge penye mchaniko. Wengine hupata nafuu, wengine huambulia patupu. Hakuahidi. Nikamwambia damu yangu si ya wengine.

Jumatano, 6 Machi
Nimedungwa. Nilipiga yowe hadi muuguzi akaniuliza kama watoto wangu nao hulia hivyo. Masharti: nisiinue mkono kupita kifua kwa wiki sita. Wiki sita! Na dari ya ukumbi mkubwa inaanza Jumatatu. Msimamizi akinikosa atampa kazi yule kijana Kibrashi. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi, leo ananiita “mzee wetu”. Mzee wa nani?

Ijumaa, 8 Machi
Nimeficha kitambaa cha kuning'inizia mkono chini ya godoro. Mke wangu akakiona papo hapo. Akasema bega ni langu, ila kunivalisha shati ni kazi yake, na leo hafanyi. Nikajibu mwanamume hapimwi kwa shati. Nimekaa kifua wazi mpaka adhuhuri.

Jumatatu, 11 Machi
Msimamizi akauliza habari za bega. Nikasema ni jipya, damu imefanya kazi. Kibrashi, nyoka yule, akasema, “Basi mzee wetu atuonyeshe.” Watu kumi wakageuka. Nikachukua rola, nikapanda ngazi, nikainua mkono.

Kitu kikalia ndani, kama shuka kuukuu linapopasuliwa. Rola ikamwangukia msimamizi. Rangi nyeupe mpaka kwenye nyusi!

Aliyenishusha ni Kibrashi. Alinibeba kama mtoto. Sitamsamehe.

Alhamisi, 14 Machi
Kano imekatika yote. Sasa ni upasuaji, na kupona ni miezi, si wiki. Nikamuuliza daktari kama damu yake ilikuwa mbovu. Akasema damu ilikuwa yangu. Mke wangu akacheka, akatoka nje. Alirudi macho mekundu.

Jumamosi, 16 Machi
Kibrashi amekuja na machungwa. Kona za dari zinamshinda. Ameomba nikae chini nimwelekeze kwa mdomo tu, msimamizi amekubali. Nihurumiwe na mwanafunzi wangu! Nimekataa.

Alipoondoka nikasimama mbele ya kioo, nikainua mkono wa kushoto. Ukafika juu kabisa. Hauumi hata kidogo! Jumatatu naenda na brashi yangu. Sijamwambia mtu.